Pupil, Student na Binti wa Machage

Inatangazwa kwa wote wanaohusika ya kwamba, kuanzia muhula huu, hakuna mtoto atakayeitwa kwa jina linalomvunja moyo. Maneno pupil na student, yanayowagawa watoto kwa madaraja, neno truant, yaani mtoro, linalowatia doa, na hasa neno dropout, yameondolewa katika fomu zote. Kila mtoto ni learner. Ni learner akiwa darasani, ni learner akiwa nyumbani, na ni learner akiwa njiani baina ya hayo mawili, kwa kuwa kujifunza hakuna ukuta. Kwa sababu hiyo hakuna hata mmoja atakayeachwa nyuma.

Waraka huo ulikuwa na mhuri mmoja na sahihi mbili. Ulibandikwa mapema Januari kwenye ubao wa matangazo wa sekondari moja ya kata, Tarime vijijini, chini ya kalenda ya mwaka uliokwisha. Mwalimu Elia Mseti aliusoma mara tatu akiwa amesimama, mfuko wa madaftari begani. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka ishirini na sita, na katika yote aliyowahi kuyafundisha, hili la majina ya watu wanaosoma ndilo pekee aliloamini kwamba analijua kuliko mtu yeyote kutoka Sirari hadi Mugumu.

"Wamekufutia somo lako, Mwalimu," alisema Madamu Scholastica, mkuu wa shule, akipita na kikombe cha chai.

"Wamelifuta lote," Elia alijibu. "Hawakubakiza hata mfano."

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Kila mwaka, wiki ya kwanza, Kidato cha Kwanza wakiwa bado wananukia sare mpya, Elia alipiga mstari katikati ya ubao. Upande huu aliandika pupil, upande ule student. Kiswahili, aliwaambia, ni lugha karimu. Mtoto wa miaka saba anayejifunza kushika penseli ni mwanafunzi, na mtu mzima mwenye ndevu anayesomea udaktari naye ni mwanafunzi, wote wanakula sahani moja. Kiingereza ni bahili. Kabla hakijakupa jina kinataka kujua umefika wapi na nani amekuleta.

"Pupil akianguka kwenye ngazi," alisema, "anayeulizwa ni mwalimu. Student akianguka, anaulizwa mwenyewe alikuwa anaangalia wapi. Ninyi mpaka juzi mlikuwa pupil. Leo ni student. Kwa hiyo angalieni ngazi."

Shule haikuwa na ngazi. Watoto walicheka, naye akaendelea kushuka ubaoni. Candidate ni student aliyepewa namba badala ya jina. Scholar ni ama mzee aliyesoma mpaka macho yakaharibika, ama mtoto maskini anayelipiwa na mtu mwingine. Kamusi haikuona haja ya kuwatenganisha. School-leaver ameondoka kwa heshima, na cheti chake kipo. Schoolgirl ni neno la magazeti, na ukiliona gazetini ujue kuna jambo baya limempata. Na dropout ni yule aliyedondoka. Hapo Elia alikuwa akisimama kidogo, kwa sababu alipenda adabu ya neno hilo: mtu amedondoka tu, kama embe, na hakuna aliyeutikisa mti.

Alikuwa mkali katika hayo tangu ujana. Kabla ya kwenda chuo cha ualimu aliosha vyombo misimu miwili katika kambi ya watalii karibu na Natta, na siku moja bibi mmoja wa Kimarekani alimtambulisha mjukuu wake wa miaka mitano, aliyekuwa amekumbatia dubu wa kitambaa, akasema ni student mzuri sana. Elia alikuwa na sahani kumi na mbili mkononi. Miaka ilipita kabla hajakubali kwamba Wamarekani wanaanzia student tangu mtoto anapoachishwa nepi, na kwamba hata Waingereza wenyewe siku hizi wamelegea. Learner alikuwa akilikuta kwenye vitabu vilivyovuka mpaka wa nchi pale Sirari, na kwake lilikuwa neno la mtu anayejifunza kuendesha gari.

Katika miaka yote hiyo ni mtoto mmoja tu aliyewahi kulipinga somo hilo. Aliitwa Rhobi, binti wa Machage wa Nyanungu. Alikuwa Kidato cha Kwanza wakati huo, amekaa mbele karibu na dirisha lisilo na kioo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao wote ni waliopo au walioondoka wenyewe. Aliyeondolewa anaitwaje?"

"Anaitwa expelled. Shule imemfukuza."

"Si shule, mwalimu. Nyumbani. Aliyeachishwa."

Elia aliomba siku moja. Alipekua kamusi zote mbili za ofisini, kubwa na ile iliyokosa herufi ya W mpaka mwisho, kesho yake akarudi kusema kwamba Kiingereza hakina.

"Basi si bahili tu," Rhobi alisema. "Hakioni vizuri pia."

Kuanzia siku hiyo Elia alikuwa na kitu ambacho walimu wa kata hawashauriwi kuwa nacho, yaani tumaini. Alimpa vitabu vyake. Alimsimamisha kwenye midahalo. Alianza kusema "Rhobi akifika Kidato cha Sita" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua za Machi, mpaka mkewe Irine akamwonya kwamba mvua za Machi nazo zimewahi kukosa kuja.

Kisha ukafika mwaka wa saro. Saro ni msimu wa kutahiri, na huko hauji kila mwaka. Wavulana hupelekwa, na wasichana hupelekwa pia, ingawa sheria inakataza na maofisa wanakataza na wachungaji wanakataza, na marufuku hizo zote hujulikana vizuri na kila mtu. Waliotahiriwa msimu mmoja ni kitu kimoja mpaka kufa. Huwezi kumshitaki mtu wa saro yako. Hukatai chakula nyumbani kwake. Binti yake unamwita binti yako. Elia na Machage walitahiriwa asubuhi moja, wamefuatana, na Machage alikuwa bado akisimulia nani kati yao alikunja uso.

Siku ya karatasi ya mwisho ya mtihani wa Kidato cha Pili, mwezi wa kumi na moja, Rhobi alimsubiri Elia mlangoni.

"Mwalimu, matokeo yakitoka uje nyumbani. Wanasema nikishapita saro nitaolewa. Baba hamsikilizi mtu, lakini wewe anakuogopa kidogo."

"Baba yako haniogopi. Tulitahiriwa pamoja."

"Ndiyo maana."

Elia aliahidi. Desemba ikapita jinsi Desemba za mwaka wa saro zinavyopita. Rhobi alirudishwa nyumbani barabarani na wenzake, amefunikwa khanga, wanawake wakipiga vigelegele mbele na nyuma, na kwa mila alikuwa ameacha kuwa mtoto. Hali hiyo nayo ina jina lake kwa Kikurya, moja tu na halina utata, ambalo Elia hakuwahi kuliandika ubaoni.

Matokeo yalitoka wiki ile ile ya waraka. Rhobi alikuwa wa kwanza shuleni, na wa pili alikuwa mbali. Elia aliyachapisha kwenye steshenari moja ya Nyamongo, karatasi nzima kwa ajili ya mstari mmoja, akaamua kwenda Nyanungu Jumamosi.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa sababu alilelewa vizuri. Mtu hamvamii mwenzake wa saro kama askari wa kodi. Anatuma salamu mbele, na jambo lenyewe halitaji kwenye simu. Elia akapiga, akamwita mura, yaani kijana, kama wenzi wa saro wanavyoitana.

"Mura, Jumamosi nitakuja kwako. Nakuja kwa ajili ya Rhobi."

Machage aliuliza: "Jumamosi hii?"

"Hii hii."

"Vizuri sana, mura. Vizuri sana. Nilikuwa nasumbuka siku gani iwe."

Elia alimweleza mkewe kwamba Machage amepokea vizuri. Irine alikuwa anachambua maharage.

"Amesema nini?"

"Amesema vizuri sana."

"Machage? Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Irine akaendelea na maharage.

Jumamosi Elia alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwa Machage akiwa amevaa koti, na karatasi ya matokeo mfukoni. Aliona moshi kwanza. Kisha akaona viti vimepangwa kando ya zizi, viti vya kuazima, vya rangi mbalimbali. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa. Upande wa pili walikuwa wageni, wengi wao wanawake, na katikati yao bibi mmoja mwembamba, gauni limepigwa pasi, viatu vipya vinambana.

"Shikamoo, mama," Elia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu? Nimeambiwa wewe ni saro moja na baba wa mke wangu."

Elia alijishika kwenye mti wa zizi. Bibi huyo alikuwa Mokami. Hakujaliwa mtoto wa kiume, mumewe alikwisha kufa, na kwa desturi ya Wakurya mama wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, binti huyo akamzalia watoto kwa mwanaume watakayemwona, na watoto wakawa wa nyumba ya bibi ili isifungwe. Desturi hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Wengine wanaisifu kwamba mke hapigwi. Mokami mwenyewe alikuwa na uso mpole, na ilionekana furaha ilimnyima usingizi.

Elia alimvuta Machage nyuma ya zizi.

"Mura, mimi nimekuja kusema asiolewe."

"Utasema. Nani amekukataza kusema? Kwanza ule."

"Nikila nimekubali."

"Usipokula umenilaani mbele ya wageni. Hiyo nayo unaijua." Machage hakuwa na hasira, alikuwa na haraka. "Hawa nilikuwa nawazungusha tangu mwaka mpya, mura. Jambo kama hili siwezi kulifanya bila mtu wa saro yangu, na wa saro yangu aliyesoma ni wewe tu. Uliposema Jumamosi, nikawaambia nao waje Jumamosi. Wewe ndiye umepanga siku."

"Ni mtoto wa shule, Machage. Kuna sheria."

"Sheria inamtaka mwanaume. Mwanaume yuko wapi hapa? Nionyeshe." Alitazama wageni wake kupitia juu ya ua wa zizi, kama mtu anayetafuta kweli. "Yule bibi umfunge?"

Waliporudi, Rhobi alikuwa anapita na birika na beseni, akiwanawisha wageni. Alikuwa amenyolewa. Alipofika kwa Elia alipiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Elia alitoa ile karatasi akampa. Rhobi aliweka birika chini, akafuta vidole kwenye khanga, akausoma ule mstari mmoja. Hakuusoma haraka. Kisha akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile akamrudishia.

"Kaa nayo wewe, mwalimu. Huku italoa."

Akaliinua birika na kusubiri. Wazee wa upande huu walikuwa wanamtazama Elia, na wageni wa upande ule walikuwa wanamtazama Elia, na Machage alikuwa anatazama chini. Mikono ya mwalimu ilitoka kwenye mikono ya koti, polepole, kama mali ya mtu mwingine. Rhobi aliimwagia maji. Alimwaga mpaka vidole vyote vikawa safi, akasogea kwa mgeni aliyefuata.

Nyama ililetwa na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo ambao Elia aliupenda tangu utoto. Alikula. Kilikuwa kimepikwa vizuri, na hilo hakuweza kulisamehe baadaye.

Walipomaliza mmoja wa wazee alisema siku hizi mambo yanataka maandishi. Akauliza nani ana kalamu. Hakuna aliyegeuka kumtafuta. Macho yote yalikuwa pale yalipokuwa. Elia alitoa kalamu yake nyekundu, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo, akapewa daftari la shule, na alipofungua akakuta kurasa za mbele zimejaa mwandiko wa Rhobi, mazoezi ambayo Elia aliyasahihisha mwenyewe.

Hapo wazo lilimjia, na kwa dakika chache alikuwa mtu mwenye silaha. Angeandika ukweli mtupu. Waliotia sahihi wangekuwa wametia sahihi ukweli huo, na karatasi ingefika mbele ya sheria ikijisemea. Aliandika ng'ombe kwa rangi zao. Aliandika majina ya pande zote mbili. Kisha, kwa herufi kubwa kama za ubaoni, akaandika: RHOBI BINTI MACHAGE, MWANAFUNZI WA KIDATO CHA TATU.

Akasoma kwa sauti. Alipofika hapo alinyanyua uso, akisubiri mtu aruke kupinga.

Mokami ndiye aliyesimama. "Hapo rudia, mwanangu."

Elia alirudia.

"Acha hivyo hivyo," bibi alisema, macho yamemjaa machozi. "Usifute. Nataka watu wajue nimeoa aliyesoma."

Watu walipiga makofi. Mzee mmoja wa upande wa Machage alipendekeza kwamba, kwa neno hilo, pangeongezwa japo mbuzi, na mazungumzo yakachangamka tena. Mwisho wakatia sahihi. Wa kwanza kutia sahihi ni shahidi, na shahidi ni mtu wa saro.

Jumatatu asubuhi Elia alikuwa ofisini kwa mtendaji wa kata. Mtendaji huyo alikuwa kijana mwenye adabu, na alimpa kiti.

"Mwanaume ni nani, mwalimu?"

"Hakuna mwanaume. Ni Mama Mokami."

"Hapo sasa kuna ugumu. Ushahidi upo?"

"Upo wa maandishi."

"Ninao," alisema mtendaji, akafungua droo. Machage alikuwa amemletea nakala nyumbani jana yake, kwa utaratibu tu, ili ofisi ijue. "Mwandiko mzuri. Huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na sahihi hii ya kwanza?"

"Yangu."

Mtendaji aliiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Mwalimu wangu, mimi siwezi kukukatisha tamaa. Ukitaka niandike kesi, naandika sasa hivi. Lakini hapa pameandikwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na aliyekuwa anajua hilo kuliko wote, akaandika, akashuhudia, akala..." Aliigonga ile sahihi kwa kidole. "Nikianza, nitaanza na wewe. Na kusema kweli, kwa waraka huu mpya mtoto hajaacha shule. Ni learner, yuko nyumbani."

Elia alishukuru. Nje alikuta amesahau mfuko wake, akarudi kuuchukua, akashukuru tena.

Fomu za mahudhurio zilikuja mwishoni mwa mwezi. Madamu Scholastica alimpa za Kidato cha Tatu azijaze, na alipofika kwenye jina la Rhobi alikaa muda mrefu. Zamani hapo palikuwa na safu nne na ungeweza kuchagua uongo unaokufaa. Sasa ilikuwa moja.

"Niandike nini?" aliuliza.

"Soma juu."

"Nimesoma juu."

"Basi weka tiki, Elia," alisema Madamu. "Tiki haiumi." Alisema hivyo akiwa ameangalia dirishani, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini.

Akaweka tiki. Kidato cha Kwanza wa mwaka huo hawakupigiwa mstari katikati ya ubao. Wiki ya kwanza walifundishwa siku za juma na miezi ya mwaka, wakaimba, na mkaguzi aliyepita siku hiyo akasifu kwamba somo lilikuwa shirikishi.

Mwezi wa nne, siku ya mnada, Elia alikuwa ananunua nyanya alipomwona Mokami anakuja katikati ya watu, na nyuma yake Rhobi amebeba kikapu, khanga imefungwa juu ya tumbo ambalo lilikuwa limeanza kujieleza lenyewe. Rhobi aliamkia. Elia aliitikia. Alitafuta neno la kuongeza, kwa lugha moja au nyingine, akabaki na nyanya mkononi.

"Anasoma bado?" alimuuliza Mokami mwishowe, na aliposikia swali lake alitamani ardhi impokee.

"Vile vitabu ulivyonipa vipo, mwalimu," Rhobi alisema. "Panya wamekula kimoja."

Mokami alimgeukia muuza nyanya, akamshika Elia mkono kwa fahari. "Unamwona huyu? Huyu ndiye shahidi wetu. Aliandika kwa mkono wake."

Muuza nyanya alimwongezea Elia nyanya mbili za bure.

Taarifa ya nusu mwaka ilisomwa kwenye kikao cha wadau, wageni wakiwa kwenye hema. Kwa mara ya kwanza tangu kata iundwe, walioacha shule walikuwa sifuri. Elia alikaa safu ya nyuma na akapiga makofi pamoja na wengine, kwa kuwa kutopiga kungehitaji maelezo.

Mwezi wa saba Madamu Scholastica aliunganisha Kidato cha Tatu A na Kidato cha Tatu B kuwa darasa moja. Chumba kilitosha, na madawati sita yaliyobaki bila mtu yakapelekwa stoo.